Mwezi wa Vitabuni na Mwezi wa Kangemi: Falaki kwa Macho ya Mtoto

Mtoto wa chekechea jijini Nairobi aambiwapo achore mwezi mchanga, aghalabu huuchora umesimama wima, ncha zake zikielekea upande mmoja. Umbo hilo amelipata katika vitabu vya picha vilivyotungwa ughaibuni. Hata hivyo, mtoto huyo huyo akitazama magharibi kutoka Kangemi au Westlands siku mbili tatu baada ya mwezi kuandama, atauona umelala chali mfano wa mtumbwi. Nairobi iko takriban digrii 1.3 tu kusini mwa ikweta, ambako jua na mwezi hushuka karibu wima. Kwa hiyo upande wa mwezi unaomulikwa na jua lililokwisha kutua huwa ni wa chini. Mwalimu asahihishaye mtumbwi huo kwa kalamu nyekundu humfunza mtoto kutoyaamini macho yake. Hasara hiyo ni kubwa kuliko kutojua majina ya sayari zote nane.

Somo la kuanzia ni kivuli. Fimbo ya mita 1 isimikwe uwanjani, watoto watie alama kwa vijiwe penye ncha ya kivuli. (Watazame kivuli, kamwe wasilitazame jua lenyewe.) Watagundua kwamba kivuli kifupi kabisa hakipatikani saa sita kamili bali yapata saa sita u nusu. Hawajakosea. Saa za Afrika Mashariki hufuata longitudo ya digrii 45, ipitayo karibu na Mogadishu, ilhali Nairobi iko kwenye digrii 36.8, nalo jua huchukua dakika 4 kuvuka kila digrii. Mwishoni mwa Juni kivuli hicho cha adhuhuri huelekea kusini, urefu wake kama sentimita 46. Mwishoni mwa Disemba huelekea kaskazini, kama sentimita 41. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba hukaribia kutoweka. Mtoto wa London hana bahati hiyo: kivuli chake cha adhuhuri huelekea kaskazini mwaka mzima.

Usiku, taa za katikati ya jiji huzifisha nyota nyingi, lakini haziuwezi mwezi. Mtoto anyooshe mkono na kukunja ngumi, ambayo hufunika takriban digrii 10. Kesho yake, saa ile ile, mwezi utakuwa umesogea mashariki kwa ngumi moja na ziada kidogo.

Kwa upande wa istilahi, Kiswahili hakina upungufu hapa. Mwezi huandama, hupevuka. Kilimia ni jina linalohusishwa na kulima. Zuhura nayo ni moja, iwe yaonekana magharibi jioni au mashariki alfajiri, ingawa mtoto mwanzoni atadai kuwa ni nyota mbili. Aachwe adai, achore. Mzunguko mzima wa kuonekana kwake, kutoka jioni hadi alfajiri na kurudi jioni, huchukua takriban siku 584.