Udaktari Usio wa Dawa
Wanachama wanauliza: vijana wanaokuja kupima mikarafuu na kuuliza bei ya pishi ni madaktari gani? Wanasomea udaktari wa ilimu. Kila mmoja hushika suala moja lisilojibiwa bado, kama mtambo wa kukaushia, maradhi ya miti au madeni ya wakulima. Hulichungua kwa miaka, akaandika tasnifu, kisha akahojiwa na mabingwa. Profesa Abdul Sheriff aliipata daraja hiyo London, 1971, kwa historia ya biashara ya Zanzibar. Kitabu chake cha 1987 chaeleza jinsi mikarafuu ilivyopandwa kupita kiasi karne ya 19, bei ikaanguka. Haya yatuhusu! Basi wapeni hesabu za kweli, si za kumkwepa mtoza kodi. Asiyetaka kujibu ana haki. Nanyi daini nakala, kwa Kiswahili, iletwe ofisini.