Hesabu ya Tajiri Ndani ya Ubongo

Msomaji mmoja, mama wa Morogoro, ametuandikia. Walipokuwa wamepanga chumba kimoja, anasema, nyama ilipikwa Jumapili tu, na watoto walianza kuimba tangu kitunguu kinaingia kwenye mafuta. Siku hizi mambo yamewanyookea, nyama ipo karibu kila siku, na watoto wanaisogeza pembeni mwa sahani. Je, wameingiwa na kiburi?

Hapana, wamezoea tu, na mazoea hayo yana mtambo wake kichwani. Ule mjadala wa kipato na furaha, ambao wanauchumi wanaubishania tangu andiko la Richard Easterlin la mwaka 1974, nitauruka. Mimi nataka kufika kwa tumbili wa mtafiti wa ubongo Wolfram Schultz.

Katika Chuo Kikuu cha Fribourg, Uswisi, Schultz alisikiliza kwa waya mwembamba sana seli zinazotoa kemikali iitwayo dopamini katika ubongo wa tumbili. Seli hizo zikiwa zimetulia hupiga ishara kama mara 3 hadi 5 kwa sekunde. Mdondoshee tumbili juisi asiyoitarajia, zinapiga mfululizo. Sasa washa taa kila mara kabla ya juisi. Baada ya muda seli zinaichangamkia taa. Juisi yenyewe ikifika, wala hazishtuki. Na taa ikiwaka kisha juisi isije? Zinanyamaza, tena katika nukta ileile ambayo juisi ilipaswa kudondoka! Mwaka 1997 Schultz, Peter Dayan na Read Montague walieleza katika jarida la Science kwamba seli hizi hazipimi juisi. Zinapima tofauti kati ya kilichokuja na kilichotarajiwa.

Tofauti hiyo wengine wataiita "kosa la utabiri wa tuzo". Silipendi jina hilo. Kosa la nani? Nitaiita bakaa ya matarajio, kwa lugha ya wahasibu: inaweza kuwa ziada, inaweza kuwa upungufu, na ikiwa sifuri hakuna cha kuripoti.

Mfikirie tajiri mwenye daladala. Hesabu yake ni shilingi 60,000 kwa siku. Dereva akileta 60,000, tajiri anazipokea huku anaangalia taarifa ya habari. Siku akileta 75,000, anamwita mkewe. Lakini 75,000 zikija wiki nzima, tajiri kimyakimya amekwisha kupandisha hesabu, na siku zikiletwa 70,000 kunazuka ugomvi, ingawa ni nyingi kuliko zile alizokuwa akizipokea bila neno. Kuna zaidi. Dereva akipiga simu asubuhi kwamba gari limekodiwa harusini, tajiri anafurahia simu. Jioni pesa zenyewe zikifika, furaha ilishaliwa saa mbili asubuhi. Na harusi ikiahirishwa, hata dereva akileta hesabu kamili, siku hiyo hakaliki naye. Taa, juisi na kimya cha seli vyote vimo humo.

Familia inayobana matumizi, basi, haijinyimi tu. Inamzuia tajiri wa kichwani asipandishe hesabu. Nyama ya Jumapili inaiacha hesabu ya Jumatatu hadi Jumamosi chini, na inazalisha ishara za bure: harufu ya pilipili manga, mlio wa kinu, mtoto anayetumwa dukani kununua mdalasini. Furaha kubwa inatokea hapo, kabla ya sahani, nayo haigharimu hata senti ya ziada. Watafiti Jordi Quoidbach na Elizabeth Dunn walionyesha jambo la jirani na hili mwaka 2013: watu walioacha chokoleti kwa wiki moja, walipoionja tena, waliifurahia kuliko walioruhusiwa kuila watakavyo. (Dopamini si furaha yenyewe, na sahani tupu kwa kukosa si sawa na sahani iliyopunguzwa kwa hiari. Tuendelee.)

Kwa hiyo mama wa Morogoro anaweza kuirudisha nyama kwenye siku zake chache bila kujiona anawatesa watoto, ilimradi maharage na dagaa vipo vya kutosha. Siku za kwanza zitakuwa na manung'uniko, kwa sababu hesabu haishuki kwa tangazo. Inashuka kwa siku kadhaa za upungufu, kidogo kidogo, kama ilivyopanda. Akitaka kuongeza kitu, aongeze kisichotabirika: miwa Jumatano moja, ubuyu wiki nyingine, kisha akae muda bila kuleta chochote. Vitu vya shilingi mia tano visivyo na ratiba vina bakaa kubwa kuliko soda ya kila Ijumaa.

Ahadi ndizo za kubania kuliko hata pesa. Mtoto aliyeambiwa Januari kwamba atapata baiskeli Juni ameshapandishiwa hesabu tangu Januari. Isipopatikana, haanzi sifuri pamoja na mwenzake ambaye hakuahidiwa kitu. Anaanza chini yake.