Fleti ya Tunduma na macho ya mgeni

Katika vijiji vya kata ya Ikinga, wilayani Ileje, nyumba hujengwa ili ikae. Tofali huchomwa hapo hapo kijijini, bati hupigwa, na mwenye nyumba akizeeka watoto huongeza chumba ubavuni. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza nyumba hiyo itauzwa kwa bei gani. Kwa hiyo mwana wa Ikinga anayeshuka na fedha za kahawa au mahindi kwenda kununua fleti mjini Tunduma anaingia mahali ambapo swali hilo huulizwa kabla ya mengine yote. Itampasa aitazame nyumba yake kwa macho ya mtu asiyemjua, atakayekuja miaka mitano au kumi ijayo na dalali mkononi.

Tunduma ni mji unaolelewa na barabara. Reli ya TAZARA, iliyokamilika 1975, inavuka hapo kuingia Nakonde upande wa Zambia, na barabara kuu inayotoka Dar es Salaam hupitisha malori ya shehena za Zambia na Kongo usiku na mchana. Kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa Oktoba 2019 na marais John Magufuli na Edgar Lungu. Miaka mitatu kabla ya hapo Songwe, ambamo Tunduma imo, ilikuwa imekatwa kutoka Mbeya na kuwa mkoa, makao makuu yakiwa Vwawa. Sensa ya 2022 iliuhesabia mji wa Tunduma watu zaidi ya 200,000, zaidi ya mara mbili ya waliohesabiwa 2012. Watu hao wanatafuta mahali pa kulala: mawakala wa forodha, watumishi wa serikali waliohamishiwa mpakani, wafanyabiashara wa nafaka, wenye maduka ya vipuri. Wengi hawana nia ya kuzeekea hapo. Mgeni wa fleti ya Tunduma anatoka katika kundi hili, na anayetaka kumuuzia hana budi kuzijua shida zake.

Shida ya kwanza ni maji. Kwa miaka mingi mji huu umelia kiu, na mnunuzi anayeujua huenda bafuni kabla ya kukaa sebuleni: anafungua bomba na kusubiri. Tuseme mtu wetu wa Ikinga amepata fleti ya vyumba viwili, ghorofa ya pili, katika jengo la ghorofa tatu. Fedha yake ya kwanza isiende kwenye marumaru. Iende kwenye tangi la akiba, pampu na mabomba mapya. Familia ya watu watano, kila mmoja akitumia lita 80 kwa siku, humaliza lita 2,000 kwa siku tano, na siku tano ni muda wa kutosha kuvuka mgao wa kawaida. Lakini lita 2,000 ni tani mbili. Tangi la namna hiyo halipandishwi juu ya dari kwa kuwa fundi amesema zege ni imara. Linawekwa chini na maji yanasukumwa kwa pampu, au mhandisi anaitwa apige hesabu ya uzito.

Walioishi katika fleti za Michenzani, Unguja, zilizojengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, wanalijua vizuri jambo hili. Majengo yalikuwa ya kisasa kwa wakati wake, yana vyoo vya ndani na mabomba, lakini maji yaliposhindwa kupanda, wakazi wa ghorofa za juu waligeuka wabeba ndoo. Hakuna rangi ya ukuta inayomsahaulisha mtu ngazi alizopanda na ndoo kichwani.

Baada ya maji, karatasi. Hapa wengi huteleza, maana fleti si kiwanja. Anayenunua kiwanja ananunua ardhi yenye mipaka. Anayenunua fleti ananunua nafasi iliyo hewani, yenye jirani juu, chini na ubavuni. Mpaka 2008 sheria ya Tanzania haikuwa na njia nyepesi ya kumpa mtu hati ya ghorofa ya pili peke yake. Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka huo ndiyo iliyofungua mlango: kila fleti iwe na hati yake, ngazi, paa, uzio na maegesho viwe mali ya wote, na wamiliki wawe na chombo chao cha kusimamia na kuchangia matengenezo. Mwaka huo huo ikapita sheria ya mikopo ya nyumba, na benki zikapata wepesi wa kukopesha kwa dhamana ya nyumba yenyewe.

Bei hubadilika hapo. Fleti iliyo ndani ya jengo lenye hati moja ya mwenye jengo inaweza kuuzwa kwa makubaliano mbele ya wakili, lakini benki haitaipokea kama dhamana, na mnunuzi anayetegemea mkopo hataweza kuinunua. Wanabaki wenye fedha taslimu, nao ni wachache na wanajua kubana bei. Watu wa Songwe hawahitaji kuhubiriwa thamani ya karatasi: Mbozi ilikuwa wilaya ya majaribio ya hati miliki za kimila, na wakulima wa huko waliona mapema jinsi shamba lenye hati linavyoheshimiwa kuliko lisilo nayo. Fleti ni vivyo hivyo. Milioni mbili tatu zinazotumika kumsukuma mwenye jengo agawe hati zaweza kurudisha zaidi kuliko milioni kumi za dari ya jipsamu.

Kuna karatasi nyingine, ambayo imeandikwa ukutani. Barabara kuu ina hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati, kwa mujibu wa sheria ya barabara ya 2007. Kabla yake ilikuwa mita 22.5. Wakazi wa pembezoni mwa barabara wanazifahamu alama za X: nyekundu kwa aliyevamia, kijani kwa aliyefuatwa na barabara na anayestahili fidia. Kwa kuwa upanuzi wa barabara kutoka Igawa hadi Tunduma umo katika mipango ya serikali, kupima umbali wa jengo kutoka katikati ya lami ni kazi ya siku ya kwanza. Futi ya fundi inatosha.

Sasa ukarabati wenyewe. Mvua za Songwe huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Wauzaji wajanja hupaka rangi Agosti, ukuta ukiwa mkavu kama ngozi ya ngoma. Mnunuzi mwenye busara huja Machi, akainusa kona ya kabati, akagusa dari chini ya bafu la jirani wa juu, akatafuta ramani za kahawia zinazoonyesha maji yamepita. Mwenye fleti anayetaka kuuza vizuri afanye ukaguzi huo mapema kuliko mgeni wake: azibe mahali panapovuja, atindue lipu iliyolegea, asubiri ukuta ukauke, ndipo apige skimu na rangi. Rangi juu ya unyevu ni uongo wa msimu mmoja.

Umeme nao una lugha yake. Juni na Julai nyanda hizi zina baridi ya kuuma mifupa, na bafu lenye maji ya moto ni hoja kubwa mbele ya mpangaji au mnunuzi. Hita ya bafuni inayochemsha maji papo hapo hunyonya wati 3,500 hadi 5,500. Ikifungwa kwenye waya mwembamba wa taa, waya huchemka ndani ya ukuta. Inahitaji waya wake mnene na swichi yake, kutoka kwenye boksi kuu. Na fleti iwe na mita yake ya LUKU. Wanaochangia mita moja hugombana kila unapokwisha umeme, na tangu 2021 kodi ya majengo nayo hukatwa humo humo.

Kuhusu kuvunja kuta, mwandishi wa makala hii hana neno laini. Mtindo wa kuunganisha jiko na sebule umeingia kupitia tamthilia na picha za mitandaoni, na mafundi wengi wako tayari kubomoa kabla hujamaliza sentensi. Lakini katika jengo la ghorofa, ukuta mmoja unaweza kuwa umebeba familia tatu. Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa nne liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20, na chini yake kulikuwa kunachimbwa ili kuongeza nafasi ya biashara. Songwe ina sababu ya ziada ya kuogopa: iko katika Bonde la Ufa. Desemba 2009 matetemeko mfululizo yalipasua nyumba Karonga, ng'ambo ya Mto Songwe, upande wa Malawi, kubwa lake likifikia kipimo cha 6 hivi. Nguzo na mihimili haiguswi bila mhandisi aliyesajiliwa na kibali cha halmashauri, hata kama kipande kinachotakiwa kutoka ni cha upana wa mlango.

Na hata pale ukuta unapovunjika salama, inafaa kuuliza nani atakayepika humo. Mnunuzi wa Tunduma anakaanga dagaa, anachemsha maharage saa mbili, anasonga ugali kila siku. Jiko la wazi huipeleka harufu yote kwenye makochi. Kinachomvutia zaidi ni jiko lenye mlango, dirisha linalofunguka, meza ya kazi yenye uso mgumu usionyonya mafuta, mahali salama pa mtungi wa gesi, na kibaraza kidogo cha nyuma ambapo jiko la mkaa linaweza kuwashwa bila kuifukiza nyumba. Chumba cha kulala kisife ili sebule iwe kubwa. Dalali hutangaza fleti kwa idadi ya vyumba, na vyumba viwili vikiwa kimoja, bei inashuka ngazi nzima. Choo cha pili, kile cha wageni, kina thamani kuliko wenye nyumba wengi wanavyodhani. Watu hawa hupokea wageni kila wiki: ndugu kutoka Ileje, mteja kutoka Lusaka, shemeji anayesubiri lori lake livuke.

Kisha kuna kelele. Chumba kikuu kikiwa upande wa barabara, mgeni atakisikia kila kigari na kila breki ya saa tisa usiku. Kama mpangilio unaruhusu, vitanda viende upande wa nyuma na sebule ije mbele. Kioo kinene chenye mipira mizuri kwenye fremu ya alumini na pazia zito hufanya kazi kubwa kwa fedha kidogo. Nondo za madirisha ni lazima mpakani, lakini moja iwe na kufuli la kufunguka kutoka ndani, maana moto hauingii kwa hodi.

Rangi ziwe tulivu. Maua ya jipsamu yenye taa za zambarau na dhahabu humfurahisha aliyeyachagua tu, na mgeni huanza kuhesabu gharama ya kuyang'oa. Maboksi mawili ya marumaru yaliyobaki yahifadhiwe stoo, kwa sababu toleo lile lile halitapatikana tena dukani ikipasuka moja.

Fedha zote hizo ziandikwe. Mtu akinunua fleti kwa milioni 60, akaikarabati kwa milioni 15 zenye risiti za kielektroniki, akaiuza kwa milioni 88, faida yake ni milioni 13, na kodi ya asilimia 10 ni milioni 1.3. Risiti za ukarabati zikipotea, faida inahesabiwa milioni 28 na kodi ni 2.8. Asipokuwa na kumbukumbu zozote za gharama, sheria ya kodi iliyorekebishwa 2023 inamtoza asilimia 3 ya mauzo yote, yaani milioni 2.64. Na kama fleti hiyo ilikuwa makazi yake kwa miaka mitatu au zaidi, faida isiyozidi milioni 15 haitozwi kabisa. Zile risiti za saruji, waya na mabomba ndizo zinazomweka chini ya mstari huo.

Linabaki jambo moja ambalo mwenye fleti hawezi kulitengeneza peke yake: ngazi. Mgeni hupita getini, akaona taka, akapanda ngazi gizani akishika ukuta wenye mafuta ya mikono, na anapofika mlango wa mninga uliong'arishwa amekwisha kupunguza bei kichwani. Wamiliki wa jengo wakikubaliana kuchangia taa, rangi ya ukumbi na gari la kunyonya maji taka kwa wakati, kila mmoja wao hupata bei ambayo asingeipata kwa kigae chochote. Kikao cha kwanza cha aina hiyo huwa kigumu. Mara nyingi huanza na balbu mbili na ndoo moja ya rangi, na mtu mmoja aliye tayari kupita mlango kwa mlango akikusanya michango.