Dirisha Lako, Sheria ya Wote

Mzee mmoja wa kijiji ninachofanyia kazi, huku Njombe, alinisimamisha njiani. Alikuwa na simu mkononi. Mwanawe anaishi Uingereza, na alikuwa amemwandikia.

"Bwana Shamba," aliniambia, "ujumbe huu nimeusoma mwenyewe mara mbili. Maneno nimeyaelewa. Jambo lenyewe silielewi. Mtoto amenunua nyumba. Anataka kubadili madirisha. Anasema lazima kwanza afuate sheria. Je, mtu huomba ruhusa ya kubadili dirisha lake mwenyewe?"

Nilimjibu, "Ndiyo, Mzee. Na sababu ipo." Tukakaa chini ya mti, tukazungumza. Ndugu wasomaji, nanyi sikilizeni.

KWA NINI DIRISHA LINA SHERIA?

Uingereza ni nchi ya baridi. Watu hupasha nyumba zao joto, na wengi hutumia gesi. Gesi hununuliwa kwa fedha. Dirisha la kioo kimoja hupitisha joto jingi kwenda nje. Fedha ya mwenye nyumba huenda pamoja na joto hilo. Tena, gesi inapochomwa huchafua hewa na kuongeza joto la dunia. Hilo linatugusa sisi wakulima pia, kwa kuwa mvua zetu hubadilika.

Kwa hiyo wenzetu hutumia dirisha la vioo viwili. Kati ya vioo hivyo kuna nafasi ndogo iliyozibwa. Joto halipiti hapo kwa urahisi. Fikirini chupa ya chai. Ina kuta mbili, na chai hukaa moto.

SHERIA INASEMA NINI?

Tarehe 1 Aprili 2002, katika England na Wales, kazi ya kubadili madirisha iliingizwa katika kanuni za ujenzi. Tangu siku hiyo mwenye nyumba ana njia mbili.

Njia ya kwanza ni kupeleka habari kwa halmashauri kabla ya kazi kuanza. Mkaguzi huja kuangalia kazi.

Njia ya pili ni kumwita fundi aliyeandikishwa katika chama kinachotambuliwa na serikali. Chama kimoja huitwa FENSA. Fundi huyo huthibitisha kazi yake mwenyewe. Halmashauri hupewa habari katika siku 30, na mwenye nyumba hupata hati.

Hati hiyo ni mali. Siku ya kuuza nyumba, mwanasheria wa mnunuzi huiuliza. Asiye nayo hupata usumbufu.

Lakini kioo kikivunjika, na ukabadili kioo tu bila fremu, kwa kawaida huhitaji kutoa habari.

Wataalamu wana kipimo cha joto linalopita dirishani. Namba ikiwa ndogo, dirisha ni zuri. Dirisha la kioo kimoja lina namba karibu na 5. Mwaka 2002 dirisha jipya la mbao halikutakiwa kuzidi 2.0. Tangu tarehe 15 Juni 2022, katika England, kikomo cha kawaida ni 1.4.

JOTO PEKE YAKE HALITOSHI

Sheria hiyo haitazami joto tu. Inataka hewa safi iendelee kuingia. Inataka kioo kilicho karibu na sakafu kiwe kile kisichokata watu kikivunjika. Inataka pia dirisha la kukimbilia moto lisipotee. Dirisha la namna hiyo hupimwa ili mtu aweze kupita.

Mzee aliniuliza, "Je, wasipofuata?"

Nikamweleza habari ya London. Huko kuna jengo liitwalo Grenfell Tower, lililokuwa na ghorofa 24. Lilitengenezwa upya, na kazi ikaisha mwaka 2016. Liliwekewa madirisha mapya, na kuta zake zikafunikwa kwa nje ili joto lisipotee. Usiku wa tarehe 14 Juni 2017, friji iliwaka moto jikoni, ghorofa ya 4. Moto ulitokea kando ya dirisha. Pale palikuwa pamezibwa kwa vitu vinavyoungua. Ukashika ukuta wa nje, ukapanda hadi juu. Watu 72 walikufa.

Uchunguzi ulionyesha kuwa kuta hizo hazikufuata kanuni za ujenzi. Taarifa ya mwisho ilitoka Septemba 2024. Ilisema kuwa vifo vyote vingeweza kuzuiwa.

Mzee alinyamaza. Kisha akasema, "Kumbe dirisha si kioo tu."

NA SISI JE?

Huku kwetu nyanda za juu baridi tunaijua. Mwezi wa Juni na Julai wengi huziba madirisha kwa magunia na kuingiza jiko la mkaa chumbani. Ndugu zangu, hiyo ni hatari kubwa. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu hulala, asiamke tena. Jiko la mkaa lisilazwe chumbani hata siku moja.

Tazameni pia nondo za madirisha. Zinazuia mwizi, lakini moto ukiwaka zinamzuia mwenye nyumba. Mwambie fundi aache angalau dirisha moja lenye nondo zinazofunguka kwa ndani. Ufunguo ukae mahali ambapo kila mtu wa nyumba anapajua.

Na kabla ya kumlipa fundi, andikianeni. Andikeni kazi, bei na tarehe, kisha wote wawili mtie sahihi. Sasa mnajua kusoma na kuandika. Itumieni elimu hiyo kulinda nyumba zenu.

Mzee alimjibu mwanawe jioni ile, kwa mkono wake: "Fuata sheria. Hati uitunze."

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini dirisha la vioo viwili huhifadhi joto?
2. Moto ukiwaka usiku nyumbani kwako, watoto watatokea wapi?
3. Mara ya mwisho ulipompa fundi kazi, mliandikiana?