Kujitolea Nchi za Nje: Tuulize Kwanza

Wapo vijana wetu wa Mbeya na Iringa wanaotaka kwenda kujitolea nchi za nje. Ni jambo jema. Lakini kabla mzazi hajauza ng'ombe au shamba la viazi, tulichunguze shirika lenyewe.

Wengi tunawajua walimu wa Peace Corps kutoka Marekani, shirika lililoanza kuja nchini mwaka 1961. Nauli, matibabu na posho yao hulipwa na serikali yao. Umoja wa Mataifa nao ulianzisha mpango wake wa kujitolea mwaka 1970. Anayeomba hatozwi ada. Yapo mashirika mengine mema yanayotoza, ila hayo hutoa risiti na kueleza fedha ni za nini.

Basi tuulize: Shirika limeandikishwa wapi? Kazi ni ipi, ya muda gani? Nani analipa nauli ya kwenda na ya kurudi? Kijana akiugua, nani atamtibu?

Mtu akisema, "Leta pesa leo leo, na pasi yako ya kusafiria nitakaa nayo mimi," tukatae. Huenda anauza watu. Sheria ya mwaka 2008 inakataza biashara hiyo. Tutoe habari polisi.

Kusoma tunajua. Tusitie sahihi mkataba ambao hatujausoma.