Chanjo ya kutibu saratani: ukweli ni upi?

Habari za chanjo inayotibu saratani zimefika hadi vijijini kwetu Kiegei. Wapo wanaouliza kama mgonjwa anaweza kuingoja chanjo hiyo badala ya kupelekwa Hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam. Jibu ni hapana.

Chanjo tulizozizoea, kama ile ya surua, hupewa mtu ambaye hajaugua, na watoto wote hupata dawa ile ile. Hii mpya hupewa mtu ambaye tayari ana saratani, na kila mgonjwa hutengenezewa ya kwake. Waganga hukata kipande cha uvimbe na kukilinganisha na chembe zake zilizo salama. Hutafuta alama zinazopatikana kwenye chembe za saratani tu. Alama hizo huwekwa katika sindano, ili askari wa mwili wazitambue na kuzisaka. Ni sawa na kumpa mgambo picha ya mwizi.

Mwaka 2022 makampuni ya Moderna na Merck ya Marekani yalitangaza matokeo ya wagonjwa 157 wa melanoma, aina ya saratani ya ngozi, waliokwisha kupasuliwa. Kwa waliopata chanjo pamoja na dawa ya pembrolizumab, hatari ya ugonjwa kurudi au kifo ilikuwa pungufu kwa asilimia 44 kuliko kwa waliopata dawa hiyo peke yake. Ni habari ya kutia moyo, lakini chanjo za namna hii bado zinafanyiwa majaribio. Anayewauzia mitaani ni tapeli.

Je, tukae tu tukisubiri? La. Ipo chanjo nyingine iliyo karibu nasi, nayo huzuia saratani kabla haijaanza. Saratani ya mlango wa kizazi huletwa hasa na virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Tanzania ilianza kuwachanja wasichana nchi nzima Aprili 2018. Mwaka 2024 ilianza kutolewa dozi moja tu, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, bila malipo. Haizuii uzazi, kama wengine wanavyovumisha. Hutolewa mapema kwa sababu hukinga vizuri zaidi kabla msichana hajakutana na virusi.

Na akina mama je? Kuanzia miaka 30, nendeni mkapimwe mlango wa kizazi. Wenye VVU waanze mapema zaidi. Muuguzi hupaka siki na kutazama, nayo huchukua dakika chache. Mabadiliko yakionekana mapema, hutibiwa kabla hayajawa saratani.

Mama anayetokwa damu baada ya kujamiiana, au baada ya kukoma hedhi, asingoje msimu wa korosho uishe. Baba, mpe nauli leo. Uvimbe haungoji mavuno.