Chupa ya Manukato kwa Baba wa Garissa

Mtoto anayempelekea baba yake chupa ya zawadi huko Garissa, Wajir au Mandera kwa kawaida humpelekea manukato ya mafuta. Kwingine Kenya chupa hiyo huenda ingekuwa ya wiski. Huku, ambako wenyeji wengi ni Wasomali Waislamu, pombe haina nafasi katika sebule ya mzee, na baa zenyewe ni za kuhesabu. Kinachopelekwa ni cadar, yaani manukato kwa Kisomali, katika kichupa kinachoingia ndani ya ngumi. Mnunuzi wake ana mahangaiko yale yale ya mnunuzi wa wiski: kilichomo kimetoka wapi, kina umri gani, lebo inasema kweli au la, na kwa nini vichupa viwili vya ukubwa mmoja vipishane bei kwa maelfu ya shilingi.

Zawadi hii hutolewa Idi zote mbili, mtoto anapopata mshahara wa kwanza, au anaporudi nyumbani kutoka Nairobi au Ughaibuni. Mzee hawezi kuikataa kwa urahisi. Mapokeo ya Mtume yanamhimiza mtu akipewa manukato ayapokee, na kujitia manukato kwa ajili ya sala ya Ijumaa ni sunna. Kwa hiyo hata baba mkali, yule asiyependa watoto wamtumilie pesa ovyo, atakifungua kichupa na kukinusa.

Jambo la kwanza la kuamua ni mafuta au marashi ya kupuliza. Marashi mengi ya kupuliza yamechanganywa na spiriti, na wanazuoni wamehitilafiana juu ya hukumu yake. Wapo wanaosema spiriti ya viwandani si mvinyo na haina neno. Lakini Wasomali, kama Waswahili wa pwani, hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo huhesabu kileo kuwa najisi, na wazee wengi hawataki kusimama katika safu ya sala na shaka hiyo mwilini. Mafuta yanaondoa mjadala. Yana faida nyingine ambayo haihusiani na dini: jua la Garissa. Mji uko chini kando ya Tana, na joto la mchana hupita nyuzi 35 kwa siku nyingi za mwaka. Spiriti huruka upesi katika hali hiyo na harufu nyepesi za ndimu na machungwa huondoka nayo. Mafuta mazito hushika ngozi hadi magharibi.

Katika maduka ya Suq Mugdi, soko kubwa la mji wa Garissa, mafuta hayo huuzwa kwa namna mbili. Kuna vichupa vilivyofungwa kiwandani: vile vidogo vyenye gololi mdomoni vya Al-Rehab ya Jeddah, na vyenye masanduku ya mahameli vya kampuni kama Ajmal, iliyoanzishwa mwaka 1951 na mfanyabiashara wa Assam, India, au Arabian Oud ya Saudia, iliyoanza 1982. Halafu kuna mafuta ya kupimiwa. Muuzaji hufungua kopo la alumini, huyavuta kwa bomba la sindano lililotolewa sindano, na kuyashusha kwenye kichupa tupu, mililita tatu, sita au tola nzima, ambayo ni gramu 11 na ushei. Mengi ya bidhaa hizi hutoka Dubai na kupitia Eastleigh, Nairobi, mtaa uliogeuka kitovu cha biashara ya Wasomali baada ya dola ya Somalia kuanguka mwaka 1991, pale vyumba vya kulala wageni vya Garissa Lodge vilipofanywa maduka.

Mafuta ya kupimiwa ndiyo yanayomfaa mnunuzi makini, kwa sababu yanaweza kujaribiwa kabla ya kulipwa.

Kinachotajwa zaidi na kudanganyiwa zaidi ni haludi, mafuta ya udi. Udi hutoka kwenye miti ya jamii ya Aquilaria inayoota Asia ya kusini na kusini-mashariki: Assam, Kambodia, Malaysia, Indonesia. Mti mzima hauna harufu ya maana. Ukijeruhiwa na kuingiwa na kuvu, hujikinga kwa kutoa utomvu mweusi unaolowesha moyo wake, na kuni hizo nyeusi ndizo zinazorowekwa na kukenekwa hadi yatoke mafuta machache. Miti ya mwituni imekatwa mno hivi kwamba biashara ya jamii yote ya Aquilaria imewekwa chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES. Haludi safi ina ukali mwanzoni, wa ngozi mbichi au hata wa zizi, na asiyeizoea hukunja uso. Baada ya nusu saa hutulia na kuwa tamu na ya moshi. Ile ya Assam ina zizi zaidi. Ya Kambodia huelekea utamu wa matunda.

Hapa ndipo watoto wengi hupotea. Husikia kwamba udi ndiyo zawadi ya heshima, wakanunua kichupa cha shilingi mia tatu kilichoandikwa udi kwa herufi za dhahabu. Kwa bei hiyo hakuna udi ndani. Ni harufu ya maabara iliyotiwa katika mafuta yasiyo na harufu. Si dhambi kununua harufu ya maabara, na nyingine ni nzuri kweli, ila inunuliwe kwa jina lake na kwa bei yake.

Njia ya kuaminika ya kupima ni muda. Tone moja hupakwa nyuma ya mkono, bila kusuguliwa, na mnunuzi huenda kufanya shughuli nyingine sokoni. Mafuta ya asili hubadilika: yalivyo dakika ya kwanza sivyo yalivyo baada ya saa mbili. Ya maabara ya bei nafuu hukaa vile vile tangu mwanzo hadi yanapokatika ghafla. Kunusa aina zaidi ya tatu au nne kwa mpigo ni kazi bure, maana pua huchoka na kila kitu huanza kunukia sawa. Muuzaji asiyetaka mteja aondoke na tone mkononi amekwisha kujieleza.

Baada ya udi huja sandali. Mafuta ya msandali wa India ni laini, ya maziwa, na huwafaa wazee wasiopenda makali. Kaskazini mwa Kenya jina hilo lina historia ya karibu zaidi. Msandali wa Afrika Mashariki, Osyris lanceolata, umeng'olewa kimagendo huko Samburu na kwingineko kwa ajili ya mafuta yake, licha ya serikali kupiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007. Muuzaji anayesifia sandali ya bei rahisi aulizwe imetoka wapi.

Halwaridi, mafuta ya waridi, inaonekana na vijana kuwa ya kike, lakini si hivyo kwa mzee aliyewahi kuhiji, ambaye huinusa akaikumbuka Makka. Ile ya Taif, mji wa milimani karibu na Makka, huhitaji maua elfu kumi au zaidi kwa tola moja, na bei yake inalingana na hilo. Miski inayouzwa leo karibu yote ni ya kutengenezwa, na miski nyeupe ndiyo chaguo salama kwa baba ambaye ladha yake haijulikani.

Kuna kinaya katika biashara hii. Wafugaji wa Wajir, Mandera, Isiolo na Garissa yenyewe hukusanya ubani wa mti wa Boswellia neglecta na utomvu wa hagar, mti wa jamii ya manemane, wakauuza mbichi kwa kilo. Sehemu yake huishia kwa watengenezaji manukato wa ng'ambo. Harufu ya nyikani huuzwa kwa gunia, kisha manukato hurudi kwa mililita. Baba aliyekulia katika ufugaji huenda akaguswa zaidi na kichupa chenye ubani au manemane ndani yake kuliko udi wa Kambodia asioujua.

Kwa maana kinachoamua hasa ni kile anachojipaka tayari. Kumuuliza mwenyewe haifai, atasema hataki kitu. Mama anajua, yeye ndiye anayefukiza uunsi, uvumba wa Kisomali, ndani ya nyumba, na manukato ya mzee lazima yaelewane na moshi wa dabqaad, yaani chetezo. Mtoto anaweza pia kuchungulia kichupa kilicho karibu kwisha na kukipeleka kwa muuzaji. Mzee aliyetumia harufu moja miaka ishirini hatafuti mpya. Anataka ile ile, ila safi zaidi kuliko aliyozoea kujinunulia. Zawadi ni kumpandisha daraja palepale alipo.

Rangi nayo ina maana. Haludi ni ya hudhurungi iliyokolea na huacha doa kwenye kanzu nyeupe, hivyo hupakwa kwenye viganja, nyuma ya masikio, na kwenye ndevu, zikiwa zimetiwa hina au la. Sandali na miski nyeupe hazina rangi iliyokolea hivyo. Baba anayejiandaa kwa Hija apewe zawadi yake mapema, au angojewe hadi atakaporudi, kwa kuwa aliyekwisha kuingia katika ihramu haruhusiwi kujitia manukato.

Sanduku la mahameli lenye kufuli ya dhahabu hupandisha bei bila kuongeza tone. Pesa hizo ni bora zinunue mililita tatu za kitu kizuri, katika kichupa cha kawaida chenye kijiti cha kioo kwenye kizibo. Kichupa kiwekwe ndani ya kabati, mbali na dirisha na mbali na joto la mabati. Kikihifadhiwa hivyo, udi na sandali huzidi utamu kwa miaka. Mchanganyiko wa maua hauna subira hiyo, na utumike mapema.